Gari la zamani na asubuhi za masika: jinsi ya kujua kwa nini haliwaki

Masika yakishika hapa kwetu Pwani, kuna sauti utaisikia karibu kila mtaa watu wakitoka swala ya alfajiri. Ni stata ya gari la zamani ikizungusha injini, ikapumzika, ikazungusha tena, na injini isishike. Mwenye gari atafungua boneti, ataangalia, atafunga. Saa nne jua likishatoka gari hilo hilo linawaka kwa funguo moja, kama halikuwa na neno. Hapo ndipo watu huanza kusema gari lina pepo.

Gari halina pepo. Lina unyevu mahali ambapo hautakiwi, na mahali hapo panajulikana. Nimesomea ufundi wa magari hadi ngazi ya diploma, na ninaendesha Corolla iliyomzidi umri mtoto wangu wa kwanza, kwa hivyo haya ninayoyaandika ninayaishi kila mwaka. Ndugu msomaji, makala haya yaweke. Usiyasome leo ukayasahau. Siku gari litakapokukatalia, yafungue na uyafuate hatua kwa hatua, kabla hujatoa hata shilingi moja ya spea.

Ninasisitiza hapo kwenye shilingi kwa sababu ugonjwa huu ndio unaowafilisi wenye magari ya zamani. Unakuja na kuondoka. Ukimpelekea fundi gari saa sita mchana, linawaka. Yeye hana cha kuona, basi atabahatisha: leo betri, kesho stata, keshokutwa pampu ya mafuta. Mvua ikinyesha tena, uko pale pale.

Kwa nini asubuhi, na kwa nini Pwani

Vitabu vingi vya magari vimeandikwa Ulaya na Marekani, na huko adui wa asubuhi ni baridi. Kwetu baridi si tatizo. Mombasa joto halishuki sana, hata usiku wa Julai. Kinachotusumbua sisi ni mvuke na chumvi. Hewa yetu imejaa maji mwaka mzima, na kuanzia Aprili mvua kubwa hukutana na upepo wa kusi unaotoka baharini. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa.

Usiku chuma cha injini hupoa. Hewa yenye maji ikigusa chuma kilichopoa, umande hutanda, vile vile gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho juu ya meza. Maji safi peke yake hayapitishi umeme vizuri. Lakini juu ya waya na plastiki za injini kuna vumbi, mafuta na chumvi iliyoletwa na upepo. Umande ukichanganyika na vitu hivyo, hugeuka utando unaopitisha umeme.

Sasa fikiria kazi ya plagi. Ili cheche iruke, koili lazima itoe umeme wa volti 10,000, na mara nyingi 20,000 au zaidi. Umeme wa nguvu hiyo hautaki kuonyeshwa njia, hujitafutia. Ukikuta utando wa maji ya chumvi juu ya waya au kepu ya distribyuta, utapita hapo uishie kwenye chuma cha injini, na plagi ikose haki yake. Petroli imefika, hewa imefika, moto haupo. Jua likikausha ule utando, njia ya mkato inafungika na gari linawaka.

Kwanza jua gari lako ni la aina gani

Kuna makundi matatu, na kila kundi lina mahali pake pa kuumwa.

La kwanza ni magari ya pointi na kabureta: Datsun 1200, Corolla za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Volkswagen Beetle, Peugeot 504. Haya hushikwa na unyevu kuliko yote.

La pili ni magari ya distribyuta isiyo na pointi, yenye kifaa cha elektroniki badala yake. Humo zimo Corolla tunazoziita 90, 100 na 110, na Nissan Sunny kama B12 na B13. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, magari haya yote yako nchini tangu zamani, na waya nyingi zilizo ndani yake zimezeeka pamoja nayo.

La tatu ni magari yasiyo na distribyuta, ambayo kila plagi ina koili yake juu, kama Probox na Vitz nyingi. Haya huvumilia zaidi, ila nayo yana kasoro yao nitakayoieleza.

Kama gari lako ni la dizeli, halina plagi za cheche kabisa. Sehemu yako iko mbele.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kushika chochote

Geuza funguo na utege sikio. Kuna majibu manne, na kila jibu linakupeleka njia yake.

Ukisikia kimya, au "tik" moja tu, tatizo liko kwenye betri, vichwa vya betri, waya ya athi au stata yenyewe. Kama gari ni la otomatiki, jaribu kwanza kusogeza gia iende nyutro, kwani swichi ya gia ikiingia kutu huzuia stata isifanye kazi.

Ukisikia stata ikizungusha kwa uzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia, tatizo ni umeme mdogo: betri imechoka au kuna kutu njiani.

Ukisikia stata ikizungusha kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki, basi betri na stata si wagonjwa. Waache. Tafuta cheche, kisha mafuta. Hili ndilo jibu la kawaida la asubuhi ya mvua.

Injini ikishika lakini ikawa inakohoa na kutetemeka, kumisi kama wasemavyo mafundi, halafu ikatulia baada ya dakika kadhaa, hiyo ni silinda moja au mbili zinazokosa cheche mpaka joto la injini likaushe unyevu. Inaweza pia kuwa gasketi, nayo nitaifikia.

Usiilazimishe stata. Zungusha sekunde 10 kwa wingi, kisha ipumzishe nusu dakika au zaidi. Anayezungusha dakika nzima huua betri, huchoma stata na kulowesha plagi kwa petroli, na badala ya ugonjwa mmoja anabaki na mitatu.

Hatua ya pili: betri na waya nene

Mita ya umeme ya bei nafuu ni mali kuliko spana nyingi. Asubuhi kabla ya kuwasha, pima betri. Volti 12.6 maana yake imejaa. Volti 12.4 ni takriban robo tatu. Volti 12.2 ni nusu. Ikifika 12.0, karibu imekwisha.

Kisha mwenzako azungushe stata huku unatazama mita. Isishuke chini ya volti 10 hivi. Ikishuka zaidi, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Gari likiwaka, pima tena: volti kati ya 13.8 na 14.5 zinaonyesha alternata inachaji.

Betri inahusiana vipi na unyevu? Stata inapovuta umeme mwingi, volti hushuka na koili hupata chakula kidogo, hivyo cheche hudhoofika. Gari lenye betri kamili linaweza kuushinda unyevu mdogo. Lenye betri ya volti 12.1 litashindwa. Watu wengi hununua betri mpya, gari likawaka wiki tatu, wakadhani wamepona. Kumbe waya za plagi bado zinavuja, na betri itakapopungua nguvu kidogo ugonjwa utarudi.

Tazama vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani ni kutu. Fungua kichwa cha hasi kwanza, kisha chanya. Safisha kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye magadi, kausha, funga ukianza na chanya, halafu paka grisi kidogo juu. Kisha fuata waya ya athi, ile nene inayotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Huku kwetu chumvi huila sehemu ya kufungia bila mtu kuona. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, stata izungushwe. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea hapo. Fungua, piga msasa, funga.

Hatua ya tatu: jaribio la kukausha

Kama stata inazunguka vizuri na injini haishiki, usibadilishe kitu bado. Zima, ondoa funguo, na ukaushe kwa kitambaa kikavu: koili na shingo yake, waya ya kati kutoka koili, kepu ya distribyuta kwa nje, waya zote za plagi, na kofia zake za mpira.

Kisha ondoa kepu. Kwa kawaida hushikwa na klipu mbili au skrubu. Waya zake ziache mahali pake. Futa ndani ya kepu, futa rota, rudisha, jaribu.

Gari likiwaka, umeshajua eneo. Ugonjwa uko kati ya koili na plagi, na hauna haja ya kugusa pampu, stata wala betri.

Kuna dawa za kupuliza zinazofukuza maji. WD-40 ndiyo inayojulikana zaidi, na jina lenyewe latokana na kazi hiyo ya kuondoa maji. Inasaidia, lakini inashika moto. Puliza kidogo, futa, acha dakika chache mvuke uondoke ndipo uzungushe stata. Na ukishapona kwa dawa hiyo, usidhani umetibu. Umepunguza homa tu.

Hatua ya nne: jaribio la giza

Hili ndilo jaribio ninalolipenda, kwa sababu halidanganyi wala halina gharama. Subiri usiku. Egesha mahali penye giza na hewa wazi, vuta breki ya mkono, gia iwe nyutro au P. Washa injini, fungua boneti, zima taa zote. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi, ile ya saluni au ya kupigia pasi, na upulize ukungu mwembamba juu ya waya za plagi, kepu na koili. Usimwage maji.

Kama waya zinavuja utaona vicheche vya buluu vikirukia kwenye chuma, au mng'ao mwembamba ukitambaa juu ya waya. Utasikia "tap, tap", na injini itakohoa. Mahali hapo ndipo pa kutibu.

Tahadhari: mikono, mikono ya kanzu, buibui na mitandio iwe mbali na feni na mikanda. Usishike waya za plagi injini ikiwa inazunguka. Umeme wake unaweza kukurusha, na mwenye mashine ya moyo kifuani asikaribie kabisa. Na kama kuna harufu ya petroli, jaribio hili lisifanywe.

Hatua ya tano: kagua kimoja kimoja

Kepu ya distribyuta. Ilete kwenye mwanga. Tafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli, unaotoka kwenye nguzo moja kwenda nyingine au kuelekea ukingoni. Huo ni mkaa, alama ya umeme uliokwisha kujichimbia njia. Kepu yenye mstari huo haifutiki wala haikwanguliki ikapona. Ni ya kubadilisha. Tazama pia kitufe cha mkaa cha katikati kama kipo na kinarudi kwa springi, na nguzo kama hazijaliwa.

Rota. Ncha ikiwa imeungua sana au mwili wake una ufa, badilisha. Kepu na rota hununuliwa pamoja.

Ndani ya distribyuta. Ukikuta mafuta ya injini humo, mpira wa kuzuia mafuta umekufa, na mafuta hayo hushika unyevu na uchafu. Kubadilisha kepu bila mpira huo ni kutia maji kwenye gunia.

Pointi na kondensa, kwa magari ya kundi la kwanza. Nafasi ya pointi katika magari mengi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Uso wake uwe safi. Ukiwa na mashimo na vilima, weka mpya na kondensa yake.

Waya za plagi. Zikiwa ngumu, zimepasuka, au kofia zake zimelegea, umri wake umekwisha. Kwa mita, waya za mkaa za Toyota hazitakiwi kuzidi omu 25,000 kila moja. Kumbuka kwamba waya inaweza kupita kipimo hiki na bado ikavuja kwa nje, ndiyo maana jaribio la giza lilitangulia. Toa waya moja, rudisha, ndipo utoe nyingine. Injini nyingi za silinda nne, zikiwemo za Corolla hizi na Peugeot 504, huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2, na ukichanganya waya utajitengenezea ugonjwa mpya.

Plagi. Zifungue injini ikiwa baridi na uzisome. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na cheche haipo. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuzungusha stata, mafuta hayafiki. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, gari linakula mafuta mengi. Tazama na ile kauri nyeupe: ufa mdogo tu unatosha kuvujisha umeme. Nafasi ya cheche ni karibu milimita 0.8 kwa magari ya pointi, na hadi 1.1 kwa baadhi ya ya elektroniki. Fuata kitabu cha gari lako. Nafasi ikipanuka kwa uchakavu, umeme unaohitajika unaongezeka na uvujaji nao unaongezeka.

Koili. Futa, tazama ufa kwenye shingo na alama ya kuungua. Koili inayovuja mafuta yake imekwisha.

Ukitaka kuiona cheche yenyewe, kwanza toa fyuzi ya pampu ya mafuta kama ipo. Chomeka plagi kwenye waya yake, chuma cha plagi kigusane imara na chuma cha injini, iwe mbali na tundu la plagi na petroli, uishike kwa koleo lenye mpira na si kwa mkono. Cheche ya buluu inayolia "tap" ni nzima. Ya rangi ya machungwa, nyembamba, ni dhaifu. Kwenye magari ya elektroniki usizungushe stata huku waya ikining'inia bila kugusa chuma. Unaweza kuunguza koili au kifaa chake.

Hatua ya sita: ikiwa cheche ni nzima

Basi nenda kwenye mafuta. Tangi linalokaa karibu tupu hukusanya maji ya mvuke, na maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, pale pampu inapovuta. Chota petroli kidogo kutoka kwenye bomba la mafuta, itie kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Yakiwepo, maji utayaona yamejitenga chini. Chujio nalo libadilishwe kwa muda wake.

Kwa kabureta, hakikisha choki inafunga na kufunguka. Kwa magari ya injekta, kuna sensa ya joto la maji inayoiambia kompyuta injini ni ya baridi au ya moto. Ikikosea, mafuta ya asubuhi hutoka pungufu au kupita kiasi. Katika Toyota nyingi sensa hiyo husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kabla ya kuilaumu, chomoa kiunganishi chake utazame kama kuna kutu ya kijani.

Kama umezungusha sana na kuna harufu kali ya petroli, plagi zimelowa. Kanyaga mafuta mpaka chini bila kupigapiga, zungusha sekunde chache ukiwa umekanyaga, na uachie injini ikishika.

Ugonjwa unaojifanya unyevu

Gari likiwa linamisi kila asubuhi, mvua au jua, linatoa moshi mweupe unaoendelea hata likishapata joto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, usihangaike na waya. Hiyo huenda ni gasketi ya juu ya injini. Usiku maji hupenya ndani ya silinda yakalowesha plagi. Plagi ya silinda hiyo mara nyingi utaikuta safi kuliko wenzake, kama iliyooshwa. Hapo nenda kwa fundi upesi. Ukiendelea kuendesha, injini itapata moto kupita kiasi na gharama yake si ya waya tena.

Kutofautisha ni rahisi ukiwa na daftari. Kwa wiki mbili andika kila asubuhi: mvua ilinyesha au la, gari lililala wapi, mafuta yalikuwa kiasi gani, liliwaka mara ya ngapi. Likikataa siku za mvua tu, ni unyevu. Likikataa siku zote, ni jambo jingine. Ukimpelekea fundi karatasi hiyo umempa kazi ya saa moja badala ya wiki.

Probox na wenzake, na magari ya dizeli

Kwenye magari yenye koili juu ya kila plagi, tazama visima vya plagi. Gasketi ya kifuniko cha juu ikivuja, mafuta hujaa humo. Kuosha injini kwa maji ya presha nako hujaza visima maji, na mimi nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya "unyevu" wa magari haya hutoka kwenye bomba la kuoshea gari, si mawinguni. Injini ifutwe kwa kitambaa kilicholoa. Ikiwa lazima ioshwe, koili na alternata zifunikwe na presha isitumike.

Dizeli haina cheche, basi mvua haiwezi kuiba cheche isiyokuwepo. Dizeli ikikataa asubuhi ya mvua, pima betri na athi kama hapo juu, kisha plagi za joto na rilei yake, ambayo hupenda kuingia kutu. Halafu mwaga maji yaliyokusanyika chini ya chujio la dizeli, na utafute mahali bomba linapovuta hewa usiku.

Tiba ya kudumu

Ukishajua mahali, tiba ni chache. Badilisha kilichochakaa kwa spea halisi. Kepu na waya feki zimejaa madukani, na nyingine huanza kuvuja kabla masika hayajaisha. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya kofia za mpira za plagi na kepu, ili maji yasipate pa kuingia. Hakikisha mpira wa kepu upo na klipu zinabana. Rudisha kifuniko cha plastiki cha chini ya injini kama kilitolewa kikaachwa gereji, kwa maana ndicho kinachozuia maji ya madimbwi yasirukie juu. Na wewe uliye karibu na ufuo, futa waya na kepu kwa kitambaa kila wiki mbili, uondoe chumvi kabla haijapata umande. Ni kazi ya dakika 10.

Mambo ya kuepuka: usimwagie injini maji ya moto, usisafishe waya kwa petroli, usiwashe moto karibu na plagi zilizolowa. Na usitegemee kusukuma. Kusukuma husaidia gari la gia za mkono lenye betri dhaifu. Cheche inayovujia kwenye chuma itavuja hata mkisukuma hadi Changamwe, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka.

Neno kwa mwenye gari na kwa fundi

Jirani yangu mmoja ni dereva wa teksi. Masika yaliyopita aliuziwa betri, kisha stata, na gari likaendelea kukataa. Mkewe alikuwa na ujauzito wa miezi minane, na kila usiku mwanamume huyo aliegesha gari likitazama mteremko, hana uhakika kama likihitajika saa nane za usiku litashika. Tulipuliza maji gizani, na kepu ikawaka buluu kama fataki. Ilikuwa na mstari wa mkaa. Kepu na rota ndizo zilizomaliza maneno, kwa pesa ambazo hazifiki hata nusu ya bei ya ile betri.

Silaumu mafundi wote. Wengi ni waaminifu, na wanafanya kazi juani bila vifaa. Lakini fundi anayekwambia "tubadilishe hiki tuone" anajaribu kwa pesa yako. Muulize swali moja kwa adabu: "Fundi, umepima nini mpaka ukajua ni hicho?" Akiwa na jibu, mpe kazi na umlipe haki yake. Akikosa, mshukuru na usogee. Na kila kifaa anachotoa, kidai ukione, uondoke nacho.

Kwa familia nyingi za huku gari la zamani si la fahari. Ndilo la kumpeleka mzee kliniki, watoto madrasa na shule, na mzigo sokoni. Linastahili kupimwa kabla ya kutibiwa, sawa na mtu. Mvua hazijaisha, basi leo usiku chukua chupa ya maji, fungua boneti na uzime taa. Utakachokiona kitakuokolea pesa, inshallah.